Alhamisi Kumi na Mbili

Gauni la kumvika marehemu lilikuwa limeshafika mochwari kabla ya mume wake.

Abdiel alisimama mlangoni na mfuko wa rambo mkononi. Ndani yake mlikuwa na gauni la buluu alilolichagua mwenyewe alfajiri, baada ya kupangua kabati zima. Mhudumu alimtazama kwa huruma.

"Pole sana, mzee. Mama tumeshamvika. Gauni jeupe na kitambaa cha kichwa, kama alivyotaka mwenyewe."

"Nani amewaambia alivyotaka?"

"Bwana Lesian, wa Olasiti. Amekuja asubuhi na mapema. Hata fomu ya kuchukulia mwili ameshaijaza. Wewe tia sahihi tu, hapo penye alama ya penseli."

Abdiel akachora sahihi yake ndefu yenye mikia, akatoka bila kuaga. Lesian. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mkewe.

Pale Sekei, nani asiyewajua Abdiel na Anande? Waliteremka kutoka Machame na sanduku moja la bati, na serikali ilipofungua milango ya biashara, wakawa miongoni mwa wa kwanza kufungua marobota ya mitumba sokoni. Abdiel alikuwa na ulimi. Angeweza kumuuzia mtu wa Tanga koti la baridi. Anande, aliyewahi kufundisha ngumbaro, kisomo cha watu wazima, alikuwa na kalamu. Leseni, barua, mambo ya halmashauri, yote yalipita mikononi mwake. Watu walitania kwamba ile si ndoa, ni kampuni. Kilichokuja kuivunja ni uvimbe wa tumboni, tena kwa miezi minne tu.

Nyumbani alimkuta jirani yao, Kaanaeli, akipanga viti vya waombolezaji. Akamvuta kando.

"Kile kikundi chenu cha akina mama, cha Alhamisi, kuna mtu anaitwa Lesian?"

"Kikundi chetu ni Jumanne, Baba Sia," Kaanaeli akajibu, kisha akatamani aumeze ulimi wake.

Alhamisi! Tangu Pasaka, kila Alhamisi, Anande alivaa viatu vyake vya kanisani akaaga kwamba anakwenda kwa akina mama, hata zile wiki ambazo kusimama tu kulimtoa jasho. Na kila aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Abdiel alikuwa akimshukuru Mungu kwa utulivu ule. Sasa ulimgeukia ukawa shubiri kooni. Ni nani aliyemtuliza mkewe hivyo, wakati yeye mwenyewe alishindwa?

Wivu haujui matanga. Ulimpeleka moja kwa moja usharikani, kwa mchungaji.

"Nyimbo tumeshapata, ndugu Abdiel," mchungaji alisema. "Na wasifu wa marehemu pia. Bwana Lesian ndiye aliyeuleta, na ndiye atakayeusoma kesho kaburini. Ni agizo la marehemu."

"Mwanamume wa nje amsomee mke wangu wasifu? Mbele ya ukoo wangu?"

"Basi usome wewe. Ni haki yako." Mchungaji akamnyooshea karatasi.

Abdiel aliitazama ile karatasi kwa kitambo. Hakuipokea. Aligeuka akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Njia nzima hadi Olasiti alikuwa akiyanoa maneno. Aliyemkuta ni mwanamume wa makamo, mrefu, shati limepigwa pasi, karani mstaafu wa kuandikisha vizazi na vifo. Tena mgane, asiye na mke ndani. Alikuwa mtanashati kuliko Abdiel alivyoomba awe. Uani, dada yake Lesian alikuwa akipepeta maharage.

"Karibu, bwana Abdiel. Pole kwa msiba."

"Mke wangu amekuja humu mara ngapi?"

"Alhamisi kumi na mbili." Wala hakubabaika.

"Mkifanya nini?"

Lesian akavuta mtoto wa meza, akatoa faili, akazipanga karatasi moja moja: ombi la cheti cha kifo, maombi ya mahakamani ya usimamizi wa mirathi, barua ya kubadili jina la kiwanja, barua ya shuleni kwa binti yao Sia.

"Tukijaza hizi. Nafasi ya tarehe tu ndiyo tuliyoiacha wazi."

Abdiel akaipiga meza kwa kiganja, karatasi zikaruka. "Mwanamume gani hukaa na mke wa mtu Alhamisi kumi na mbili kwa ajili ya fomu? Anakufa, anajua kwamba anakufa, na siku zake za mwisho anakuja kukupa wewe! Kwa nini hakuniletea mimi? Mimi si mumewe?"

Uani, ungo ukanyamaza. Lesian akainuka, akaufunga mlango taratibu, akarudi kusimama karibu kabisa na mgeni wake. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya chini mno.

"Nilimwapia kwamba sitasema. Lakini siwezi kuacha mama wa watu azikwe na jina baya. Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo, Alhamisi ya kwanza, kwa nini asikuletee wewe. Akanijibu: 'Abdiel hajui kusoma hata herufi moja. Miaka kumi na tisa amenificha jambo hilo, na miaka kumi na tisa nimemficha kwamba ninajua.'"