Sigara ya Wageni

Njiti ya kiberiti ilikuwa tayari inawaka mbele ya uso wa Médard, baba mkubwa wa binti, na sigara iko katikati ya vidole vyake.

Kwao, mazungumzo ya mahari hufunguliwa kwa moshi. Baba mkubwa wa binti huvuta sigara ya kwanza ya wageni. Asipovuta, maana yake binti haolewi, na wageni warudi kwao Bogoro na ng'ombe wao.

Mlangoni mwa jikoni, binti aliukamata upindo wa kitenge chake.

Médard akainama, akaizima ile njiti kwa pumzi moja.

Wageni wakaanza kusimama.

"Mukae, bandugu! Mutoto wenu sikumukatala. Ni tumbaku nilikatala. Tangu Pasaka sijavuta hata moja."

Akailaza sigara mezani kwa mikono miwili, kama kitu cha heshima. Kisha akatoa mfukoni kipande cha chingamu ya nikotini, akakiinua ili wote wakione.

"Hii ni dawa ya kuacha tumbaku, ya pale santé, kwa dispensari. Unatafuna kidogo, kisha unaiacha kwenye shavu. Ni vile infirmière, muuguzi wao, alinifundisha."

Akatafuna polepole, kifua mbele, mpaka shavu likatuna.

"Kinywa kimefunguka. Museme mambo yenu."

Baba wa bwana arusi alikohoa, kikohozi kirefu cha mvutaji. Akaitazama pakiti yake ya sigara, akaifunga. Akanyoosha kiganja.

"Unipatie na miye moja, mukwe."