Hapa Hapapigwi Flashi

"Fungua begi," Nyatichi alisema mlangoni mwa ukumbi wake, na Phanice akafungua bila kununa.

Ndani mlikuwa na kamera, betri, kitambaa cha kufutia lenzi na flashi moja. Nyatichi aliinua ile flashi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Na hii?"

"Zilikuwa mbili, mama. Mapacha. Hii ikiita, ile inaitika, hata ukumbi mzima ukiwa katikati. Sasa ile ingine ilipotea harusini kule Kosele, na hii imebaki na upweke. Siwezi kuiacha nyumbani."

Nyatichi alicheka. Alishasikia visingizio vingi pale mlangoni, lakini cha flashi yenye upweke kilikuwa kipya.

"Upweke wake ukae kwa begi. Ikiwaka mara moja tu, Jerusha anashuka jukwaani, na mimi nimekwisha."

Hakuwa anatia chumvi. Miezi mitatu nyuma, huko Homa Bay, Jerusha alikuwa akiwaimba mfanyabiashara mmoja aitwaye Kerosi na mkewe. Flashi ikampiga machoni, maneno yakamruka, na jina lililotoka kwenye spika halikuwa la mke wa Kerosi. Ubaya ni kwamba jina lenyewe Kerosi alilijua vizuri. Alilala kwa ndugu yake wiki mbili. Tangu hapo Jerusha aliapa kwamba flashi ikiwaka tena, anabeba gitaa lake na kwenda.

Nyatichi alikuwa amembembeleza miezi yote hiyo aje Migori, na Jumapili hii, saa tisa alasiri, alikuwa amekuja. Mapazia mazito yalishushwa, ikaachwa balbu moja ya buluu, na watu wakajaa mpaka jikoni.

Afadhali kulikuwa na Masese. Huyo sasa ndiye mpiga picha: ametoka Kehancha, koti la ngozi, mwendo wa madaha, kamera kubwa na flashi kubwa juu yake, yenye kijitaa chekundu. Kijitaa hicho hakikuzimwa kamwe, maana wateja walikipenda.

"Usijali, Mama Nyatichi," alimwambia. "Fundi wa kweli hapigi na flashi. Anangoja mwanga umjie. Hii yangu ni ya urembo tu. Tena iko na wazimu: nikibonyeza inakataa, halafu juzi radi imepiga Kehancha, ikawaka yenyewe."

Nyatichi alicheka tena. Siku hiyo angecheka hata kama angeambiwa paa linavuja.

Jerusha akaanza. Gitaa liliingia polepole, kisha ngoma, kisha hakuna aliyebaki amekaa. Mabega yalitikisika, viatu vikavuliwa. Nyatichi mwenyewe alicheza na trei mkononi, soda zikigongana, lakini jicho lake moja halikumwacha Phanice.

Yule dada alikuwa wa ajabu. Watu wote walitazama jukwaa. Yeye alipita kandokando ya ukuta akitazama watu. Kamera ilining'inia shingoni. Lenzi ilikuwa bado na kifuniko chake.

"Dada, umesahau kufungua jicho," Nyatichi alimwambia sikioni.

"Litafunguka tu, mama," Phanice akajibu, macho yakiwa kwingine.

Mpiga picha gani huyu, Nyatichi alijiuliza, akamhurumia kidogo.

Wimbo wa nne, Jerusha akaanza kutaja watu. Alimtaja daktari wa mifugo, akamtaja mwenye duka la mbolea, vigelegele vikapigwa. Kisha akageukia upande wa jikoni. Mwenye ukumbi, akaimba, mama asiyechoka, mama wa milango miwili. Nyatichi aliweka trei chini. Maisha yake yote, jina lake halikuwahi kuimbwa na mtu.

Hapo ndipo flashi ilipowaka.

Ukumbi uligeuka mweupe, kisha mweusi. Gitaa likanyamaza.

"Yawa," Jerusha alisema kwenye maikrofoni, mkono machoni. "Zimenipiga mbili. Moja kushoto, moja kulia." Akaanza kuvua mkanda wa gitaa.

"Mtoe nje huyo msichana," Masese alipaza sauti kutoka upande wa pili. "Ndio hawa wanaharibu kazi yetu."

Nyatichi alikuwa ameshavuka ukumbi. Phanice alisimama palepale, flashi imechomekwa juu ya kamera, na Nyatichi akamnyang'anya vyote, machozi yakimlengalenga.

"Futa hiyo picha. Umeniua. Flashi mbili, na jina langu lilikuwa limefika mdomoni."

"Hakuna picha, mama."

Kweli. Kifuniko kilikuwa bado kwenye lenzi.

"Na begi ulilikagua wewe mwenyewe," Phanice akaendelea kwa upole. "Uliona flashi ngapi?"

Nyatichi akaitazama flashi aliyoishika: ilikuwa ile ile moja. Jukwaani, mkono wa Jerusha ulisimama kwenye mkanda.

"Dada Jerusha, nisamehe. Fumba macho kidogo."

Phanice akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe nyuma ya flashi, kamera ikiwa mikononi mwa Nyatichi. Kule karibu na mlango, juu ya kamera ya Masese aliyekuwa ameshashika kitasa, pacha aliyepotea Kosele akaitika.

Jerusha akarudisha mkanda begani, akaendelea pale alipoachia, na jina lililotoka kwenye spika halikuwa la Nyatichi, lilikuwa la Phanice.