Jina la Kumi na Moja

Treni ilisimama ghafla kabla ya kufika Edmonton, kaskazini mwa London, ikakaa pale dakika ishirini na tano bila mtu kuwaambia abiria lolote. Zipporah alitazama saa yake mara sita. Alitaka awe ameshaondoka nyumbani kwa Mama Shekinah kabla shule hazijatoa watoto, na sasa ilikuwa saa tisa kasoro kumi.

Mkobani alikuwa na fomu kumi zilizotiwa sahihi na wazazi. Timu ya hoki haiingii uwanjani na wasichana kumi. Ligi ya vijana ilitaka orodha kamili kesho Ijumaa, saa sita mchana. Bila jina la kumi na moja, timu ingefutwa.

Mwezi wa Mei wasichana hao walikuwa kumi na sita, na walifika fainali ya ubingwa. Walitoka sare, wakafungwa kwa penalti. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Golikipa aligawa pedi zake. Mapacha wawili walihamia netiboli. Kocha wao Jitendra, Mhindi wa Kisumu mwenye duka la viungo Tooting, aliyewafundisha miaka tisa, alibwaga manyanga.

Zipporah alimfuata dukani mwezi wa Agosti. Jitendra hakuinua macho kwenye mizani.

"Hii kazi si yako, Zipporah."

"Nikikupatia kumi na moja, utarudi?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Jitendra alipima kilo nzima ya dengu kabla ya kujibu. "Leta kumi na moja. Mimi nitarudi." Akaandika anwani za wasichana kwenye karatasi, akaisukuma juu ya kaunta bila kumtazama.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka zamu hospitalini alilala kwa saa tatu tu, kisha akaenda kubisha milango. Wengine hawakuwepo. Wengine walikuwepo, wakamchungulia dirishani na kurudisha pazia. Alisahau mwavuli kwenye basi mara mbili, na mara moja aligombana na kengele ya mlango iliyokufa kumbe mwenye nyumba alikuwa bustanini akimsikia. Huko Thornton Heath, baba mmoja aitwaye Wanjohi alimsimamisha mlangoni huku mvua inanyesha.

"Mimi sikuwepo siku ile, lakini niliambiwa," alisema Wanjohi. "Refa alitunyang'anya kombe mchana kweupe. Sasa unataka mtoto wangu arudi akaibiwe tena?"

"Yule refa hatachezesha tena."

"Umejuaje?"

"Amerudisha filimbi."

Wanjohi alifunga mlango. Zipporah alirudi kwake mara tatu ndipo baba huyo akasaini, tena kwa hasira, karatasi ikiwa imebanwa ukutani na kalamu ikiitoboa.

Hatimaye treni ikajikokota hadi stesheni. Zipporah alishuka akakimbia, akapotea njia kati ya nyumba zilizofanana zote, akarudi nyuma, akauliza, akafika akihema.

Mama Shekinah, jina lake Léocadie, alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtunzaji wa wazee. Halmashauri ilikuwa imempa nyumba huku mwezi wa Juni. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi.

"Wewe ndiye kocha mupya?"

"Nimetoka kwa Jitendra," alisema Zipporah.

Léocadie alimwingiza jikoni, akamwekea chai, akaisoma fomu polepole. Kisha akatikisa kichwa.

"Huyu mutoto iko na kasirani sana, mama. Tangu ile siku hakushika tena ile fimbo yake. Iko chini ya kitanda. Na huku tumekuja ni mbali."

"Jitendra atakuja na gari kila Jumamosi. Ameniahidi."

"Si gari tu." Léocadie aliiweka kalamu mezani. "Mie nilikuwa kazi, sikuona. Shekinah anasema alipiga mpira ndani ya ile duara ya mbele ya goli, dakika ya mwisho, ukaingia. Refa akasema hapana, alipigia inje, goli haihesabiki. Watu wote wakamwambia mutoto wangu anadanganya, hajui kushindwa. Akalia siku tatu. Mie mwenyewe nikamwambia anyamaze." Alimkazia macho mgeni wake. "Wewe uliona?"

Zipporah alishusha kikombe. Kwa miezi minne, kila alipofumba macho aliuona ule mstari mweupe wa duara, na mpira kiganja kizima ndani yake.

"Niliona," alisema. "Mpira ulikuwa ndani, Mama Shekinah. Lilikuwa goli halali. Mtoto wako hakudanganya."

Léocadie aliisogeza fomu karibu. Machozi yakamlengalenga.

"Hakuna mukubwa hata mumoja alisema vile," akasema. Akaichukua kalamu, akasaini.

Kumi na moja. Zipporah alizipanga fomu, akazitia mkobani bila kufunga zipu. Alikataa kikombe cha pili. Alikuwa ameshasimama, koti begani, ufunguo ulipogeuka mlangoni.

Msichana mrefu mwenye sare ya shule akatokea kwenye mlango wa jikoni.

"Shekinah, salimia kocha," alisema mama yake.

Shekinah alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi usoni. Begi likamteleza begani, likaanguka sakafuni.

"Mama," alisema, "mbona refa yuko jikoni kwetu?"