Kabati Linataka Shikamoo

Siku hizi kabati la dawa halifunguki mpaka uliamkie. Mimi, fundi bomba wa miaka hamsini na mbili, nilipe shikamoo sanduku nililolibeba mgongoni juzi tu kutoka dukani?

"Fungua! Mama amebanwa na pumu!"

"Tuamkiane kwanza, Mbwilo," likasema kwa upole.

Nikalipiga teke.

"Tutaongea ukipata adabu."

Mama ana miaka themanini na mbili, na mtaa mzima humwamkia yeye. Akajikokota kutoka kitandani, akashika ukuta, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema, pumzi zikimkatika.

"Marahaba, mwanangu," likajibu, likafunguka.

Tangu siku hiyo, nikimwamkia Mama asubuhi, haitikii. Huniuliza kwanza kama nimeshaliamkia kabati.