Usafi kwa Sheikh Hirsi

Mavi ya mbuzi yalipenya katikati ya vidole vya miguu vya Hamdi, naye akajikaza asipige kelele. Viatu vilibaki kwenye lango la miiba, maana kaburini kwa Sheikh Hirsi huingii na viatu. Mbuzi, inaonekana, waliruhusiwa kuingia na chochote.

"Twende taratibu, ayeyo," alisema bibi yake Osob, mkono begani kwa mjukuu. Waliitana hivyo wao, bibi na mjukuu, kwa neno la Kisomali la bibi: ayeyo kwa ayeyo. Macho ya Osob yalikuwa yameingia ukungu, akabaki anaona mwanga na kivuli tu, lakini njia ya makaburi aliijua kwa nyayo.

Hamdi hakutoka Garissa mpaka huku Bute kwa kupenda. Ijumaa ilikuwa nikaha yake, na baba yake alikwisha kata shauri: bila radhi za mama yangu, hakuna nikaha. Naye Osob, alipoulizwa anataka nini, hakutaka shuka wala sukari. Alitaka msichana aje wazuru pamoja.

"Kitu chako kiko kwa Sheikh," alisema. "Uje ukichukue, ndipo nikupe radhi."

Kitu gani, Hamdi alidhani anakijua. Alikuwa amewaona wanawake langoni wakitoka na udongo wa kaburi uliokorogwa kwa maziwa yaliyochacha, wamejipaka usoni mpaka masikioni, nzi wanawaandama. Uso huu aliutunza kwa unga wa qasil tangu siku ya posa, leo upakwe uozo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Walipita makaburi ya kale, mawe yamelalia ubavu, ya watu walioleta vitabu vyao juu ya ngamia kabla Bute haijawa na jina. Juu ya moja kulikuwa na masalia ya miraa iliyotafunwa na kutemwa. Hamdi akageuza uso.

"Hapa hakuna askari, hakuna kufuli," Osob alisema kwa fahari. "Na hajapata kutokea mtu akapoteza hata sindano. Nani atathubutu kumwibia Sheikh?"

Kuna nini cha kuiba, Hamdi alijisemea, mavi?

Osob akaketi kichwani pa kaburi la Sheikh, akainua mikono. "Kaa kivulini. Nikimaliza Yasini nitakuita."

Kivuli kilikuwa nyuma ya ukuta wa kaburi, na huko ndiko ilikokuwa harufu yote. Lilikuwa rundo linalomfika kifuani, limefunikwa ngozi ya ngamia iliyokakamaa kwa mafuta. Aliinua pembe moja kwa ncha za vidole. Panya watatu walimpitia miguuni. Ndani mlikuwa na mikeka iliyoingia vumbi na kinyesi cha panya, fito zilizopinda, vibuyu vyenye mabaki ya maziwa yaliyoganda yakawa meusi. Uvundo ulimpanda kooni, nusura atapike juu ya kaburi la mtu.

Hapo kinyaa kikageuka hasira. Watu gani hawa? Walii amelala hapa, wanakuja kumlilia shida zao, kisha wanamfanya jalala. Wanaogopa kuingia na viatu lakini hawaogopi kumtupia taka. Alimwita dereva wa gari walilokodi, Morris, mtu wa Kitui, aliyekuwa langoni anapunga nzi.

"Hii ni nini?"

Morris alivua viatu, akaja, akachungulia, akarudi nyuma upesi. "Madam, hii ni takataka tu. Hata kwetu makaburini watu hawatupi vitu hivi."

"Una kibiriti?"

Alikuwa nacho. Wakaziba pua, yeye kwa mtandio, Morris kwa shati, na kulikokota rundo lile nje ya uzio, kwenye uwanja mtupu. Hamdi mwenyewe, aliyekuwa hashiki hata sufuria yenye masizi, alibeba vibuyu kifuani, mafuta yakamlowesha buibui. Hakujali. Tangu asubuhi hili ndilo jambo la kwanza lililompa raha. Pengine Sheikh angemwombea. Pengine hata bibi angeona kwamba msichana wa mjini naye ana heshima, akamsamehe kupakwa yale matope ya kaburi.

Mikeka ilikuwa mikavu. Njiti moja ilitosha. Moto ulipanda mpaka fito zikaanza kupasuka, na moshi ukavutwa na upepo kuelekea kaburini.

Hamdi aliosha mikono, akaosha tena, akaenda kuketi karibu na bibi yake. Osob alikuwa anamalizia dua. Alipangusa uso kwa viganja, kisha akatulia, akanusa. Uso wake wote ukakunjuka.

"Mashallah. Kwa hiyo Sheikh amekuonyesha mwenyewe."

"Nimesafisha, ayeyo," Hamdi alisema.

"Nasikia harufu. Nami nilikuwa nasema watoto wa Garissa hawajui kufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi vitakate." Osob alimtafuta kwa mkono, akampata shavuni. "Nilimwachia Sheikh amana hapa nyuma ya ukuta wake nilipokwenda kutibiwa macho. Kila mkeka niliufuma wakati bado naona, na kila ufito niliupinda mimi, nikitaja jina lako. Radhi umepata, mwanangu." Akageuza uso upande wa lango, akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Wewe dereba! Kuja na kamba, funga hii nyumba ya arusi juu ya gari. Bole bole, usifunje kitu."