Supu ya Mjapani

Siku ile, huku Uchina, Barabara ya Huanshi Zhonglu nzima, mtu mweusi aliyefurahi kuwaona polisi alikuwa mmoja tu, Felisia.

Wenzake walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Mmoja aliacha hata ndala yake katikati ya njia. Felisia alisimama palepale, akafungua mkoba, akatoa pasipoti kabla hajaombwa. Askari aliitazama viza yake mpya ya mwaka mzima, akaguna, akamrudishia.

"Ngoja kwanza," Felisia akamwambia kwa Kichina chake cha sokoni. "Kuna mwanamke hana viza. Yuko pale, kwa Mjapani."

Akanyoosha kidole.

Huku ugenini dhambi kubwa ni hiyo, kumchoma mwenzako kwa polisi, na Felisia aliijua vizuri. Lakini jamani, wivu ulikuwa umemkaba wiki tatu. Usiku halali, mchana chakula hakipiti.

Jovin, mumewe, Mhaya wa Bukoba ambaye bila ndizi anasema hajala, alikuwa ameanza kula tambi. Tambi! Mtu aliyekuwa akiziita minyoo! Felisia alizikuta risiti za mkahawa wa Kijapani kwenye mfuko wa suruali yake, ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikamtoa machozi. Kanisani nako Jovin akaacha kwenda, na kwaya nzima besi ni yeye. Ati goti linamuuma. Goti gani hilo linalouma Jumapili, Jumatatu mchana limepona? Wauza viatu wa soko la Zhanxi, Jovin anakonunua mzigo, wakamuuliza Felisia kama mzee amerudi nyumbani, maana hawamwoni, wakati kila jioni Jovin anasema ametoka Zhanxi. Na mashati yake yalikuwa yananukia udi. Felisia hajawahi kufukiza udi maishani mwake.

Aliyemmalizia ni Getrude, msusi wao.

"Mwenzangu, fungua macho," alisema huku akimvuta nywele. "Ni Kauthar, yule Mzanzibari anayenunua viatu Zhanxi. Akipanda lifti, udi wake unabaki mpaka kesho. Nimewaona mwenyewe wamekaa kwa Mjapani."

"Kwa Mjapani wanafuata nini?"

"Wewe nawe! Mwaka huu wa misako, ukimwona Mwafrika kwa Mjapani, jua viza yake imekufa. Polisi wanatuvizia kwenye wali na maharage. Nani atamtafuta mtu mweusi kwenye supu ya Mjapani?"

Felisia hakusubiri hata nywele ziishe. Viza ya Kauthar imekufa! Na ya Jovin haikumtia shaka. Mwezi wa tano Jovin alizipeleka pasipoti zao zote mbili kwa ajenti, akarudi anacheka, akamkabidhi yake.

"Shika, Mama Teddy. Sasa tembea kifua mbele."

"Na yako?"

Jovin alijipiga-piga mfuko wa shati. "Mimi mwanamume, bwana. Yangu niachie mwenyewe."

Kwa hiyo mpango ulijipika wenyewe. Kauthar arudishwe kwao Unguja, Jovin abaki, na ndoa yake ya miaka kumi na moja ipone. Mungu angemsamehe baadaye.

Sasa Felisia alisimama ng'ambo ya kichochoro, nyuma ya mkokoteni wa machungwa, akichungulia kupitia kioo cha mkahawa. Supu ya nguruwe ilikuwa inanukia mpaka nje. Hao hapo, meza ya pembeni! Bakuli lilikuwa moja, mbele ya Jovin, linafuka moshi. Kauthar, na mtandio wake wa kijani, alikuwa na kikombe cha chai tu.

"Hata njaa haisikii," Felisia alinong'ona. "Anashiba kwa kumtazama mume wangu."

Kauthar akaingiza mkono kwenye mfuko mweusi, akatoa kiatu cha kike, kimoja, cha rangi ya fedha, kisigino kirefu. Jovin akakipokea kwa mikono yote miwili. Akakigeuza, akaikunja soli, akatabasamu.

Ala! Miaka kumi na moja, yeye hajanunuliwa hata kandambili! Felisia alitamani kuingia na kumwagia mtu ile supu, lakini polisi walikuwa wameshafika mlangoni.

Walikwenda moja kwa moja kwa Kauthar. Aliweka kikombe chini, akafungua mkoba, akatoa pasipoti. Askari akapekua kurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Kisha akamrudishia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayeomba radhi.

Felisia akasonya. Getrude mwongo! Umbea wa bure! Sasa Kauthar atabaki mjini, atazidi kunukia udi kwenye mashati ya watu.

Askari akamgeukia Jovin.

Jovin aliviweka vijiti vyake juu ya bakuli, kimoja baada ya kingine, polepole. Mkono wake haukwenda kwenye mfuko wa shati. Alimwambia askari neno, akainua kidole kimoja cha kuomba, akatoa simu.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa Felisia.

"Mama Teddy, nisikilize, wameniachia dakika moja tu," Jovin alisema, na kupitia kioo Felisia aliiona midomo yake ikicheza. "Ajenti alipata viza moja, nikamwambia iwe yako. Ndiyo maana najificha huku kwa Mjapani, Kauthar ananiletea sampuli za viatu. Nakuomba, kaa ndani, usipite huku kabisa. Kuna mtu kanichoma."