Mkate wa Gari la Deraya

Katika nyika za Kazakhstan, kila nyumba yenye kijana wa umri wa jeshi ilikabidhiwa gari la deraya la magurudumu manane. Gari hilo lilikwenda vitani lenyewe, bila dereva, ili kijana abaki. Lisiporudi, ndipo kijana huitwa.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Raushan alililetea gari lake mkate, kwa kuwa kwao msafiri hung'ata mkate, na unaosalia hutundikwa ukutani ukimngoja arudi aumalize.

"Mama, litang'ata kwa mdomo gani?" mwanawe Erlan alicheka. "Kwa bunduki?"

"Nyamaza wewe! Linakwenda kwa niaba yako."

Aliuweka chini. Gurudumu likabonyeza ukingo wa mkate taratibu, kwa adabu.

Baada ya siku arobaini lilirudi, limejaa makovu. Bi Raushan aliutungua mkate, akakikumbatia chuma chenye vumbi, akalia. "Ahsante, mwanangu. Umeniachia ndugu yako."

Kisha akaingia ndani ya gari kupangusa. Kiti cha dereva, ambacho hakikuwahi kukaliwa, kilikuwa kimesogezwa mbele na gari lenyewe, sawasawa na urefu wa miguu ya Erlan.